Otopailoti Haishiki Mwendo

Kwa Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mtihani wa hisabati nimefaulu, na ile ndege ya zamani uliyoniwekea kwenye kompyuta nimeweza kuirusha. Ulinionya kuwa otopailoti yake, mtambo wa kujiendesha, hushika kimo tu, mwendo ni kazi ya rubani.

Jumapili nilikuwa nairusha, otopailoti imewashwa, Baba alipomkaba Mama shingo sebuleni. "Leo utanitambua!" Mama hakuwa na sauti tena. Nikazima nguvu ya injini zote na kufungua spika hadi mwisho. Otopailoti ikainua pua ya ndege kulinda kimo, mwendo ukaisha, king'ora cha kuonya kuwa ndege inaanguka kikalia nyumba nzima.

"Zima lidude hilo!" Baba akamwachia Mama, akaja kuipasua kompyuta kwa kiti. Kisha akanivunja mkono. Mama alikwisha kukimbilia nje kuita watu.

Tumejihifadhi kwa jirani, fundi cherehani. Naandika kwa mkono wa kushoto, unisamehe mwandiko. Naomba uje utuchukue. Baba anapiga kelele mlangoni: "Mdogo wangu awapokee nyie? Damu nzito kuliko maji!"

Mama anaamini maneno yake, kwamba hutakuja. Mimi nimeshafunga mizigo.

Mwanao akupendaye