Siku Filemoni Alipomtambua Mwanawe Uwanjani

Nyanungu, Tarime

Dada yangu Mokami,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kiwe kimeachia. Sisi hatujambo. Mama anatembea, ila magoti yanamnung'unikia kila asubuhi. Mume wangu Ezra anakusalimu sana. Mahindi tumepata kiasi, maana mwaka huu tembo walitutembelea mara moja tu. Nimempa Nchagwa akuletee barua hii mkononi huko Geita. Kwenye simu ungenikatiza, na maneno haya yanataka yasikilizwe mpaka mwisho.

Unajua Elieth wako, uliyetuachia tumlee ulipoolewa Geita, na mpira wa magongo. Alianza na gongo alilochongewa na Ezra kwa mti wa mpera, sasa wasichana wote wa timu ya Tarime wanamtegemea yeye mbele. Mwezi uliopita walialikwa Mugumu kwenye mashindano ya vijana, Ijumaa mpaka Jumapili. Ezra akasema twende familia nzima, tukamshangilie na tutembee kidogo. Akaazima gari aina ya Noah kwa rafiki yake.

Mimi nilikuwa nimeshasikia kwamba mlezi wa timu ya wenyeji ni Filemoni. Ndiyo, Filemoni yuleyule. Huhitaji kukumbushwa, lakini mimi nilijikumbusha njia nzima: ulivyorudi nyumbani mvua inanyesha, Elieth mgongoni, kwa kuwa Filemoni, mume wako wakati ule, aliwaambia wazee wa ukoo wake kwamba mtoto si damu yake. Na baba alivyowatoa ng'ombe wa mahari zizini kuwarudisha, watu wamesimama njiani wanatazama. Baba hakusema tena neno kwenye kikao chochote mpaka tulipomzika.

Ijumaa wasichana wetu walishinda. Jumamosi asubuhi wakashinda tena, Elieth akifunga kwa pigo lililomfanya hata refa atabasamu. Mchana ukabaki wazi, basi tukaenda matembezi upande wa Ikoma kuona nyumbu. Walikuwa wengi, uwanda mzima mweusi. Watoto wadogo walicheka kwamba kwetu tunafukuza wanyama kwa madebe, na huku tunachoma mafuta ya gari kuwafuata. Ilikuwa siku nzuri, dada. Elieth alikaa juu ya jiwe akila muwa, nikamtazama, nikaona uso wa Filemoni umekaa pale bila haya: paji lile, mwanya ule, hata namna ya kuinamisha shingo.

Tulipokuwa tunarudi nikamwambia Ezra tupitie Nyansurura, kuna miamba mizuri. Miamba ipo kweli. Lakini na mji wa mama yake Filemoni upo hapohapo barabarani. Nikasema watoto wana kiu, tukaingia kuomba maji. Bibi Agustina amezeeka sana, ila macho yake bado makali. Elieth alipomwamkia, yule bibi alimshika kidevu akamgeuzia kwenye mwanga. Akaniuliza huyu ni wa nani. Nikamwambia ni wa Mokami. Aliingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa, akamnywesha Elieth kwa mkono wake mwenyewe.

Jua halijazama, Filemoni akawa amefika kwenye nyumba ya wageni tulikofikia. Amenenepa, ana duka la vifaa vya ujenzi, watu wanamwita mheshimiwa ingawa hana cheo. Alitaka kuzungumza nami peke yangu. Tulisimama nyuma ya gari, tukaongea maneno machache, akaondoka.

Jumapili fainali ikachezwa uwanja wa Morotonga, Tarime na wenyeji. Golikipa wao ni Ester, binti ya Filemoni kwa Verdiana, mke aliyemwoa baada yako. Mpira ulikwisha bila bao, ikaja penalti. Elieth akapiga ya mwisho. Ester akaruka akaizuia kwa mguu. Tukashindwa. Elieth alikaa chini, na Ester ndiye aliyekwenda kumwinua. Walisimama pale wawili, na mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Hawa si pacha hawa?"

Kisha ikaja zamu ya medali. Filemoni akachukua kipaza sauti. Alisema, na nakuandikia maneno yake kama alivyoyatoa, "Huyu Elieth ni mwanangu wa kumzaa. Mama yake, Mokami, hakunikosea. Nilimsingizia ili nioe mwingine." Mbele ya wachungaji, wazee wa ukoo wake, na Verdiana. Watu wakapiga vigelegele. Akapanua mikono akamwita Elieth aende kwa baba yake.

Elieth hakusogea. Akasema kwa sauti ya kawaida, lakini kila mtu alisikia, "Baba yangu yule pale, anaitwa Ezra." Akaja akasimama kando ya Ezra. Mikono ya Filemoni ilibaki wazi. Mtu mmoja akacheka, halafu wengi. Verdiana akafunga khanga yake vizuri, akaondoka uwanjani bila kugeuka.

Dada, nilikunywa kile kicheko kama maji baridi.

Sasa nisikilize. Usidhani dhamiri ndiyo iliyompandisha Filemoni pale. Nyuma ya gari alikuja kumdai mtoto, eti sasa Bibi Agustina ameshamwona. Nikamwambia Elieth amekubali, tena anamtamani baba yake, ila anataka kwanza mama yake asafishwe hadharani. Ulikuwa uongo. Elieth hakujua lolote, wala Ezra. Nilijua kabisa angejibu nini. Nilimtega Filemoni mbele ya watu, kama alivyomsimamisha baba mbele ya watu.

Kwa Filemoni sijutii hata kidogo. Lakini njiani Elieth alinihoji mpaka nikasema kweli. Tulipovuka mto Mara akasema, "Mama mdogo, umenishika kama gongo, ukampigia mtu." Tangu siku hiyo ananisalimia, anapika, anachota maji, basi. Ezra naye hanilaumu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Na bado. Wale mabinti wanapigiana simu kila siku. Bibi Agustina ameomba Elieth akae naye Nyansurura likizo ya Desemba, na Elieth anataka kwenda. Si kwa baba, anasema, kwa bibi na kwa Ester. Anaomba ruhusa yako wewe uliyemzaa. Mimi ningekataa, lakini hajaniuliza.

Jibu utakaloamua, mpigie simu umwambie yeye mwenyewe. Wasalimie shemeji na watoto, na mama anasema umletee ile dawa ya kuchua ukija. Baki na amani, dada.

Mdogo wako,
Boke