Meno Kumi na Matatu

Jumatatu, 12 Januari 1987

Nimeharibu! Zimebaki wiki mbili na nusu za majaribio yangu ya kazi, na mimi nimeharibu.

Leo asubuhi kule maabara Dakta Prewitt ameuweka mchoro wangu mezani, akaweka na buu mwenyewe chini ya hadubini. Hesabu meno, akaniambia. Nikahesabu. Kumi na moja. Sasa hesabu kwenye mchoro wako. Kumi na matatu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ni mabuu wa usubi wa kusini kabisa ya dunia, kule kwenye barafu, usubi ambao hata wakikua hawaoti mbawa. Chini ya kinywa buu ana kibamba cheusi chenye meno, mfano wa msumeno, ndicho anachokwangulia ukijani kwenye mawe na mchanga. Dakta anasema mabuu wake hawa wana meno kumi na moja, na la katikati ni pana na butu. Aina mpya, haijapata kuandikwa na mtu! Na mimi mahali pa lile jino pana nimechora vijino vitatu vilivyochongoka, vizuri kweli, kulia na kushoto sawasawa. Sikuviona. Mkono ndio ulioviweka.

Na mkono huo naujua ulikotoka. Miaka kumi na miwili ya kushona kofia za viua, za vitundu vya kudarizi, kule Lamu, mama amekaa nyuma yangu na ufagio wa kunichapia. Anzia katikati, nenda kulia, rudi nenda kushoto. Ukiona pengo, jaza! Kofia yenye pengo haivaliwi. Sasa nimemshonea Dakta kofia kwenye kinywa cha mdudu.

Hakupaza sauti, bora angepaza. Alisema hapa tunachora kilichopo, si kinachopendeza. Na nihesabu kutoka kushoto kwenda kulia kama watu wote. Na mwisho wa mwezi ataamua: nibaki kwenye meza ya kuchora au nirudi chini kuosha vyupa.

Miaka mitatu hapa Marekani nimeosha vyupa. Sirudi mimi. Sirudi!

Jumatano, 14 Januari

Nimechora upya. Safari hii kila kitu nimekipima mara mbili. Urefu, milimita tano. Kichwa kigumu, rangi ya tende. Nyuma yake vipingili kumi na viwili, zambarau iliyofifia. Miguu hana, maskini, ana vibutu viwili vyenye vikulabu nyuma ya kichwa na vingine mkiani, anajivuta navyo. Vipapasio vifupi mno, sharti uvitafute. Na mdudu huyu huganda akawa mgumu kama kokoto, ukimyeyusha anaendelea na safari yake! Mimi baridi ya kutoka mlangoni hadi kituo cha basi inanitoa machozi.

Meno kumi na moja. Dakta ametazama, akasema vizuri.

Sikufurahi. Lile jino pana la katikati nalichukia. Mengine yote yamepangwa kwa adabu, makubwa yakifuatwa na madogo, halafu katikati lijitu hilo! Aliyeumba hakushona hivyo. Lakini nani ataniuliza mimi.

Ijumaa, 16 Januari

Bilha amekuja na chapati. Bilha wa ghorofa ya pili, Mluhya, anatunza wazee kwenye nyumba yao hapa karibu na barabara ya Rockville Pike. Nikamlilia habari ya meno. Alicheka hadi akashika ukuta.

Akasema, “Ati unalipwa kuhesabu meno ya worm? Mimi naosha ya wazee kwa glasi, na hakuna mtu ameniita scientist!”

Nikamchorea kwenye bahasha: huku yamechongoka, huku yamechongoka, katikati bapa. Akaacha kucheka. Akasema ana mzee mmoja pale, alikuwa fundi viatu, maisha yote alishika misumari kwa meno ya mbele. Meno hayo leo ni bapa kama sahani, ukiangalia haraka utadhani ni moja. Akasema, “Hayo hayakukosa kumea, Mama Johari. Yameisha. Hiyo worm yako ni mzee tu.”

Nimeketi na chapati mkononi, sikuweza kutafuna. Yameisha! Wanakwangua mchanga majira yote. Jino la katikati na mawili ya jirani yake ndiyo yanayotangulia kugusa jiwe. Yakilika yote matatu yanabaki bapa moja. Kumi na matatu yanakuwa kumi na moja!

Basi Dakta hana aina mpya, ni ile inayojulikana ya meno kumi na matatu. Ana wazee.

Jumanne, 20 Januari

Nimemwambia.

Alinisikiliza, sitamnyima haki yake. Akasema ni wazo, ila mabuu wote mia mbili kwenye vyupa vyake wana meno kumi na moja. Nikasema wote walikusanywa siku moja, mwisho wa kiangazi cha kule, wote wamekwangua miezi. Akakunja mikono. Akasema makala yake ya aina mpya inaondoka tarehe thelathini. Nikitaka aamini nimwonyeshe buu mwenye meno kumi na matatu. Si mchoro, buu.

Halafu akatabasamu, akauliza hayo nayo nimeyahesabu kutoka katikati? Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, meno nje, moyo unawaka moto.

Shamte kaniambia nisishindane na mwenye meza. Mume wangu mwema huyu, lakini ana woga wa kuku.

Alhamisi, 22 Januari

ALHAMDULILLAHI!

Theluji imeanguka tangu alfajiri. Shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, Shamte kakwama Arlington kwenye hoteli anayofanyia kazi. Saa nne simu ikalia. Dakta! Yuko kwake Fairfax, gari lake limefukiwa hadi vioo. Ana wasiwasi na friji yenye kasha la mabuu wazima, wale walioletwa na meli wakiwa ndani ya ukijani na mchanga wao. Wa maabara nzima mimi peke yangu ninayekaa karibu. Je, ningeweza kwenda kuitazama?

Johari kasema, “Mama, you're going out in this for worms?” Nimemwachia Bilha, naye hakwenda kazini. Nimevaa viatu vya Shamte, soksi jozi tatu, buibui juu ya koti. Mwendo wa dakika kumi na tano nimeutembea saa nzima. Jitu la kuondoa theluji limenipigia honi, nikalipungia mkono kama bibi harusi.

Friji ni nzima, inanguruma. Ningeweza kurudi. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na jengo zima lilikuwa langu! Nikalitoa kasha, nikaanza kupekua ule mchanga kwa sindano, kidogo kidogo. Mzee. Mzee. Mzee. Buu wa arubaini na kitu, nikamwona mmoja wa ajabu. Kichwa kikubwa cheupe-cheupe, mwili mwembamba umeshindwa kukijaza. Na mkiani ananing'iniza kitu.

Ngozi yake! Ametoka kuivua! Kichwa cha zamani kimo ndani yake, kidogo, cha rangi ya tende, hakijadondoka.

Nilikaa kwanza. Nikasoma Bismillahi. Nikamwomba radhi yule mdudu, kisha nikamlaza juu ya kioo, yeye na ganda lake pamoja, nikavipanga vichwa viwili ubavu kwa ubavu kwa sindano yangu ya kofia, ile nyembamba aliyonipa mama. Nikafunika. Nikainama kwenye hadubini.

Kichwa cha zamani: kumi na moja, katikati bapa. Kichwa kipya: moja katikati, jembamba, kali! Sita kulia. Sita kushoto. KUMI NA MATATU! Mdudu mmoja, kinywa cha jana na kinywa cha leo!

Nimepiga kigelegele. Peke yangu, jengo tupu, kimerudi kutoka kila ukuta. Kisha nikapiga cha pili kwa ajili ya mama.

Jumapili, 25 Januari

Inaanguka tena. Kesho hakufunguliwi.

Shamte amerudi. Nimemsimulia mara nne, ya nne yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Anawapigia simu watu wa Lamu walioko New Jersey: mke wangu kamfundisha daktari meno! Yule yule wa usishindane na mwenye meza! Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga, anasema, kama kwamba kautunga yeye. Nimemwacha afaidi.

Jambo moja niliandike hapa, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Ule mchoro wa kwanza ulikuwa kosa. Nilichora nisichokiona. Kwamba kumbe kiliwahi kuwepo hakunisafishi. Dakta alikuwa na haki siku ile na mimi nina haki leo. Nikimwonyesha nitamwambia yote mawili. Nikiweza.

Jumatano, 28 Januari

Naandika hapa hapa maabara, daftari juu ya mapaja.

Dakta ameingia na viatu vyenye matope ya theluji. Makala yake iko mkobani, bahasha imeshafungwa. Nimemwambia: Dakta, ule mchoro wa kwanza niliujaza kwa mazoea, ilikuwa makosa yangu. Na kilichopo ni hiki. Nikamwekea kioo.

Koti hajalivua. Ameinama sasa dakika kumi na mbili, saa ya ukutani ipo mbele yangu. Wenzake wamekuja kusimama nyuma yake, hakuna anayecheka.

Mwanzo amehesabu ganda, kwa sauti. Kumi na moja. Akagusa kioo kwa kidole, kakisogeza kidogo. Kichwa kipya. Moja, mbili, tatu, kutoka kushoto kama watu wote. Kufika saba akasita. Akarudi. Akapotea tena hapo hapo katikati, maana vile vijino vitatu vimesongamana na anayetoka pembeni vinamchanganya. Nimeuma ulimi.

Bila kuinua kichwa ananyoosha mkono nyuma, anataka kitu, hasemi nini. Nimempa sindano yangu ya kofia. Kaipokea. Kaiweka ncha yake juu ya kioo, katikati kabisa.

“Moja,” anasema. Sasa anakwenda kulia.