Rekodi ya Baba Imezuia Maji ya Wenzake

Mpendwa Mshauri Gladwell, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo kamati ya chama chetu cha wakulima wa mpunga hapa Mwea itamfuta kazi mtu asiye na kosa, na mwenye kosa ni mimi, na mpaka sasa sijamwambia mtu ila wewe.

Mimi ni karani wa ofisi, na baba yangu, Mzee Ngugi, alikuwa mkulima wa chama hiki hiki mpaka alipofariki mwezi wa pili. Tuna kompyuta moja kubwa ya zamani chumba cha nyuma, na sisi makarani sita tuna skrini zilizounganishwa nayo, zile nyeusi zenye maandishi ya kijani, na ndani yake kuna faili la wakulima wote, kila mtu na rekodi yake. Mkulima akifa familia hukubaliana nani atashika shamba, wanaleta fomu, na kazi yangu ni kufungua rekodi na kubadilisha jina. Fomu ya baba aliileta kaka yangu Munene, tulikubaliana vizuri nyumbani, mama akaweka kidole, hakuna ugomvi wowote.

Lakini Mshauri, kila asubuhi naifungua rekodi ile nibadilishe, naliona jina la baba kwa kijani, na mkono unakataa. Nakaa tu. Nje ya dirisha ukungu umelala juu ya mpunga, mlima hauonekani, ndege weupe wanatembea polepole majini, na mimi namwona baba akipita ukingoni mwa mfereji, jembe begani, suruali ameikunja mpaka magotini, hageuki, na maji yanamfuata nyuma kama ndama, na nahisi kwamba jina likiwa hapo kwenye skrini yeye bado hajafika mwisho wa mfereji. Basi naiacha wazi mpaka saa saba ya chakula, halafu naifunga bila kubadilisha kitu. Nimefanya hivyo wiki tatu.

Mwanzoni sikujua madhara, naapa. Kumbe ukifungua rekodi kwa kurekebisha, mashine inakushikia wewe peke yako, na programu nyingine haiwezi kuandika hapo. Saa nne kila asubuhi kuna programu inayopanga zamu za maji za siku hiyo, inapita shamba kwa shamba kufuata mfereji, ikifika kwa baba inangoja, inangoja, kisha inakufa, na wote walio chini yake hawaandikwi. Orodha ikirudiwa alasiri, maji yameshafunguliwa kwa wengine. Mama Watiri, ambaye shamba lake ni la mwisho kabisa, amekosa zamu tatu na kitalu chake kimekauka. Alikuja ofisini na miche mikavu mkononi, hakupiga kelele, alisema tu, "Nimekosea nani? Maji iko kwa jirani, kwangu hakuna."

Anayelaumiwa ni Griffins, fundi wetu kutoka Meru, aliyeiandika programu ile. Mashine ilimwonyesha kwamba rekodi 1187, ile ya baba, imeshikwa na mtu anayeitwa OFISI, lakini sote sita tunaingia kwa jina hilo moja, ndivyo tulivyozoea. Akasimama katikati yetu akauliza, "Jameni, nani ako na 1187? Ati hakuna mtu?" Nikaifunga kimya kimya, nikamwambia, "Labda ni hiyo programu yako imechoka." Wenzangu wakacheka, na neno hilo likafika kwa meneja. Kesho yake nikaifungua tena.

Nikisema, nitafutwa mimi. Nisiposema, atafutwa yeye. Na nikilibadilisha lile jina, baba atakuwa amekwenda kweli. Nifanye nini?

K., Mwea

Binti yangu K., pole kwa msiba. Pole sana. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka tisa kwenye ofisi ya majani chai huku Nyeri, na mashine kama hiyo yenu naijua. Wewe uliiambia unataka kurekebisha, ikakuamini, ikawasimamisha wengine wote wakungoje. Kisha ukaenda kutembea na baba yako kwenye ukungu. Sehemu hiyo niliisoma mara mbili na nikafuta macho. Lakini Mama Watiri hawezi kupanda ukungu.

Huzuni si kosa. Kosa ni ule utani wako mbele ya watu, na kurudia kesho yake ukijua. Hapo ulimwangusha mwenzako ili wewe ubaki umekaa.

Na hebu nikuulize. Unadhani mtu aliyeandika programu hiyo ameshindwa kuangalia rekodi 1187 ni ya nani? Ameona jina, na anajua wewe ni binti wa nani. Nina hakika Griffins amekunyamazia kwa sababu umefiwa. Mtu wa namna hiyo ndiye unayetaka kumwacha afutwe Ijumaa.

Kesho usiguse rekodi hiyo. Nenda kwa Griffins kwanza, umwombe msamaha, halafu muingie kwa meneja pamoja na wewe ndiye useme. Unaweza kupewa onyo, unaweza hata kufutwa, sikudanganyi. Ongea na Munene pia, muangalie kitalu chenu, mumpelekee Mama Watiri miche kabla hajapitwa na msimu. Kisha mwombe meneja kila karani awe na jina lake la kuingilia, maana huyo OFISI amewaficha wengi. Griffins naye ana lake la kutengeneza: programu ikikuta rekodi imeshikwa ingoje kidogo, iiandike pembeni, iendelee na wengine, irudi mwishoni. Na skrini zenu zishike rekodi pale tu mtu anapohifadhi, baada ya kuhakikisha hakuna aliyeibadilisha, si wakati wote anapofikiri. Ukitaka kumwona baba yako, fungua rekodi kwa kutazama tu, si kwa kurekebisha. Kutazama hakumzuii mtu yeyote.

Ukishamaliza na meneja, na kama bado una kiti ofisini, mwite Munene aje akae kando yako. Fungua rekodi, futa, andika jina lake kwa mkono wako, uhifadhi. Utalia. Lia hapo hapo mezani bila kumwonea mtu haya, maana saa nne ikigonga maji yatapita shamba la baba yako yaende mpaka mwisho.