Dawa za Mama na Sauti Yako Sebuleni

Mwika, Moshi,
Alhamisi, 14 Novemba 2024.

Mpendwa kaka Elimringi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Hamburg haijakumaliza. Mgongo wako vipi, bado unakusumbua kwa kuinua wagonjwa? Wifi Hilda hajambo? Na Rachel wetu anaendeleaje na shule? Mwulize kwa niaba yangu kama bado anakumbuka ladha ya kiburu chetu cha ndizi na maharage au siku hizi ni mikate asubuhi mpaka jioni.

Sisi huku tunamshukuru Mungu, tunapumua. Vuli ya mwaka huu imekuja na upepo mkali, migomba mingi imelala chini kihambani. Ng'ombe mweusi amezaa Jumapili, ndama jike, ana alama nyeupe usoni. Yoramu, mtoto wa baba mdogo, bado anapandisha wageni mlimani. Mmoja wa wageni wake ni mtu wa huko kwenu, anaondoka Jumamosi, naye ndiye aliyekubali kuibeba barua hii.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Nikikuandikia kwenye simu unanijibu kwa kidole gumba ukiwa kazini. Nikikupigia, Mama anakuja kukaa pembeni yangu. Na ndani ya nyumba sithubutu kusema neno, maana sijui kile kisanduku chako cha kuongea ulichotufungia ukutani kinasikia mpaka wapi. Kwa hiyo niko bandani, nimekalia ndoo, ndama ananinyonya pindo la kitenge. Kaka, naogopa. Nimekuwa naogopa tangu Agosti na sina wa kumwambia.

Nyumba ni nzuri, hilo sikatai. Bati jipya halivuji, dari ya jipsamu imenyooka, vigae vya sebuleni vinang'aa mpaka Mama anavua viatu nje kama anaingia kwa watu. Geti linafunguka lenyewe, taa za baraza zinawaka giza likiingia. Watu wanatoka kanisani wanapitia kwetu makusudi kuangalia. Ukarabati umeufanya ukiwa mbali, na umeusimamia kuliko wengine walioko hapa hapa. Hata ile kamera ya sebuleni tumeizoea. Mama hafiki mbele yake bila kufunga kitambaa kipya kichwani, utadhani anakwenda ibada ya pili.

Ninachokiogopa ni ile sauti. Uliporekodi maneno yale ya kumkumbusha dawa ya sukari, mimi mwenyewe nilifurahi. Saa moja asubuhi kisanduku kinasema, kwa Kichagga chetu na kwa sauti yako kabisa, "Mama, ni mimi Elimringi. Umeamka salama? Kunywa dawa yako sasa." Na Mama anaitikia kutoka jikoni, "Nimeamka, mwanangu," anafuta mikono, anakunywa. Kwenye simu hakusikii vizuri, lakini kisanduku kina sauti kubwa. Alikuwa anawaambia majirani kwamba yule wa kwenye simu yuko Ulaya, huyu wa ukutani yuko nyumbani. Tulicheka sana.

Sasa nikiri kosa langu. Mwezi wa nane Mama alipolazwa nilikuambia ni malaria na uchovu. Nilikudanganya. Siku ile umeme ulikatika mara tatu kabla ya saa nne. Mimi nilikuwa chini nakata majani ya ng'ombe. Niliporudi nilimkuta kwenye kochi ametota jasho, na baridi ya Agosti unaijua, ulimi mzito, ananiita kwa jina la marehemu shangazi. Tulimkimbiza hospitali kwa gari la jirani. Daktari akamchoma kidole, akasema sukari imeshuka vibaya sana, akaniuliza amekunywa vidonge vingapi. Nikajibu kimoja. Akaniomba karatasi ya vidonge. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeifungua mwenyewe, mpya, nikamwekea. Asubuhi ile vilikuwa vimetoka vinne.

Daktari alinitazama, nikajua anafikiri nini. Na kijijini nao unawajua. Binti aliyeachika karudi kwa mama yake, nyumba imekuwa nzuri, halafu mama anazidiwa ghafla akiwa naye peke yake. Nani angeniamini? Sikulala siku nne.

Nilimwita Jesse, yule fundi wa Bomang'ombe aliyefunga vitu vyako, nikamwambia tu kisanduku kinasumbua. Akakaa nacho nusu saa. Akasema umeme ukikatika ukirudi, kile kitu kinadhani ndiyo kwanza kumekucha, kinaanza maneno ya asubuhi upya. Ukikatika mara tatu, wewe unamwambia Mama anywe dawa mara nne. Nikamwomba aizime sauti peke yake. Akasema hawezi, inahitaji namba ya siri ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni wewe.

Najua hukukusudia. Huko kazini kwako wazee wa Kijerumani wanakumbushwa hivyo hivyo na wanaishi miaka tisini. Lakini huko umeme haukatiki, kaka. Huku tawi la mgrevilea likigusa waya tumekwisha.

Utauliza kwa nini sikukuambia siku ile ile. Niliogopa. Umefanya kazi za zamu mbili miaka mitatu kwa ajili ya nyumba hii, ningeanzaje kukuambia kwamba kitu chako nusura kimzike Mama? Na hasira zako ni za marehemu baba, tusidanganyane. Septemba nilijaribu kuchomoa waya wa kisanduku. Geti likagoma kufunguka, na dakika tano hazikupita ukapiga simu unafoka, "Nani yuko ndani ya nyumba?" Nikasema umeme umekatika, nikakirudisha haraka kama mwizi.

Nikaona dawa ya moto ni moto, nikavichukua vidonge vyote nikawa natembea navyo mfukoni. Asubuhi nampa kimoja kwa mkono wangu. Umeme ukirudi, sauti yako ikaita, anakuja kuniomba kingine, namkatalia. Tulikosana. "Mwanangu amesema ninywe. Wewe ni nani?" Maneno hayo yaliniuma, lakini baada ya wiki mbili tatu akaacha kuniomba, nikajua yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Jumatatu hii umeme ulicheza tangu asubuhi. Nilikuwa upande wa kahawa, nikasikia friji ya jirani inaunguruma, nikajua umeme umerudi, nikapanda mbio. Sebuleni hakuna mtu. Jikoni hakuna. Geti liko wazi. Kaka, nilipiga kelele za jina la Mama kihambani mpaka sauti ikakauka. Mwisho nikamkuta kwa Mama Elisaria, jirani yetu wa chini, ambaye naye ana sukari. Walikuwa wamekaa barazani, na Mama Elisaria anambandulia kidonge kutoka kwenye karatasi yake mwenyewe.

"Eunike, mnamwachaje mama dawa zinamwishia?" akaniambia. "Nimeshamsaidia moja, hii ya pili."

Nilikipiga kile kidonge mkononi mwa Mama kikaanguka kwenye matope. Sijawahi kumpiga mama yangu mkono, na siku hiyo nimempiga. Nikamrudisha nyumbani, nikampikia uji, nikatia sukari kijiko juu ya kijiko, nikakaa naye nikimwangalia paji la uso kama linatoka jasho. Nilimwangalia hivyo mpaka saa kumi. Mungu alitusaidia, kilichozidi kilikuwa kimoja tu.

Alipotulia nikamwuliza, "Mama, ulikuwa umesahau kwamba asubuhi nilikupa?"

"Sikusahau," akasema.

"Na siku ile ya Agosti?"

"Hata siku ile nilijua nimeshakunywa. Mimi si mjinga, Eunike. Ile ni mashine, naijua. Hainiulizi kitu kingine zaidi ya dawa."

Nikamwuliza sasa kwa nini anakunywa. Akawa anakwangua ukoko wa uji kwenye kikombe kwa kidole. Halafu akasema, "Miaka kumi na mmoja sijamwona. Mtoto akikuita ukanyamaza, kesho hakuiti. Niliogopa nisipotii ataacha."

Kaka, nilitoka nje. Sikutaka anione, na sikutaka ile kamera inione.

Kwa hiyo nakuomba, na kama nilikosa kuchelewa kukuambia unisamehe. Siku utakayoipokea barua hii, kabla hujavua koti, ingia kwenye simu yako uifute ile sauti. Taa ziache, geti liache, kamera iache ukitaka. Ifute sauti tu. Lakini usiifute ukamwacha na kimya, maana hilo naliogopa kuliko hata vidonge. Asubuhi ile ile umpigie mwenyewe, kwa mdomo wako, hata dakika mbili. Mimi nitamshikia simu sikioni na nitakuwa narudia unachosema. Mwulize habari za ndama, mwulize kama mvua imenyesha. Usimwulize habari za dawa. Dawa niachie mimi.

Na jambo lingine nitakuambia wazi, ukasirike usikasirike. Desemba hii njoo. Kila Desemba watu wote wa huku wanarudi kuhesabiwa, magari yanapanda kutoka Dar mpaka barabara inaziba, na wewe unatuletea lori la vigae. Tumevipokea, tumevitandika, sasa vinatosha. Usiongeze kitu kingine kwenye nyumba hii. Ukisema likizo hakuna, nitakuamini, lakini Mama ana miaka themanini na mbili na mimi siwezi kumlinda dhidi ya sauti ya mtoto wake mwenyewe.

Karatasi inakwisha, na juu upande wa mlima kumeshaanza kuwa kweusi. Inabidi nikimbie ndani nikakae naye kabla umeme haujaanza michezo yake.

Yoramu anakusalimu, anasema umletee viatu vya mlimani namba arobaini na tatu, lakini huyo mzoee. Baba mdogo na mkewe wanakusalimu. Mama Elisaria anakusalimu pia, nimemweleza yote, amelia na ameapa hatatoa tena kidonge kwa mtu. Msalimie wifi Hilda sana, na Rachel umbusu kwa ajili yangu.

Mama sikumwambia habari za barua. Nilimwambia tu kuna mgeni anakwenda huko uliko, kama ana neno lolote la kukutumia. Amefunga kitambaa chake vizuri, akasema nikuambie kwamba dawa amekunywa.

Mungu aliyekulinda kule ugenini miaka yote hii akufungulie njia ya kurudi, akukutanishe na mama yako mkiwa wote wawili mnapumua.

Mimi mdogo wako nikupendaye, na ninayekungoja,

Eunike