Mtoto Wao Hakuja

Jumamosi, 14 Januari 2006

Jua la leo limeamka na hasira. Mvua ya Novemba haikufika kwetu. Mahindi yamekauka yakiwa urefu wa goti, na hata mbaazi, ambazo hazijui kudeka, zimeinamisha vichwa. Nimetoka nyumbani Kivaa asubuhi na mapema nikaja Matuu, kwa sababu huku ndiko kuna saiba, duka la intaneti, na kwa sababu sikutaka kunywa chai nikimtazama mama usoni.

Sina hali. Ningeandika kwamba niko salama, lakini blogu hii haisomwi na mtu, sasa nimdanganye nani?

Sirudi Toronto.

Kama kuna aliyepotea njia akafika hapa, nimweleze. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha hapa Kenya. Septemba nilipelekwa kusoma katika chuo kikubwa huko Toronto, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nilipewa mihula miwili, kisha nirudi na alama zangu, zihesabiwe kuwa mwaka mzima. Nimemaliza muhula mmoja. Wa pili umeanza wiki iliyopita, na mimi niko hapa nikipulizwa na feni. Chuo cha hapa kimesema nusu mwaka si mwaka, kwa hivyo nitaanza mwaka wa tatu upya Septemba, nikae na wale niliowaacha nyuma. Hiyo ni kama nafasi itakuwepo. Karani ameniambia "tutaona", na sote tunaijua "tutaona" ya karani.

Barua ya kwenda ilipofika Julai, nilimsomea Mwaitu. Ndivyo sisi Wakamba humwita mama. Mwaitu ni mjane, analima, na shule aliiacha darasa la nne. Lile neno la Kiingereza la kubadilishana alilitamka "ekisenji", akalizungusha mdomoni kidogo, kisha akauliza, "Sasa wakichukua wewe, sisi wanatupatia nani?"

Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Nikamwambia si hivyo, hilo ni jina tu.

Akasema hakuna kitu kinaitwa jina tu. Yeye yuko kwenye mwethya, kikundi cha wanawake kumi na wawili. Leo wanachimba matuta kwa shamba la huyu, wiki ijayo kwa yule. Asiyefika na jembe kwa mwenzake, siku yake ikifika atajikuta shambani peke yake, na hakuna wa kulaumu. "Hiyo ekisenji yenu ni mwethya," akasema. "Ni mtu kwa mtu."

Basi akaanza kungoja mtoto wao. Nilipokuwa nikihangaika kutafuta madarasa katika majengo yenye lifti sita, huku Kivaa mama alikuwa akitengeneza chumba changu. Akapiga sakafu saruji. Akanunua godoro hapa Matuu, kwa duka la Msomali mmoja, na akaliacha ndani ya nailoni yake ili lisipate vumbi. Kanisani akatangaza kwamba Januari watu wapige nguo pasi, kutakuwa na mgeni. Na katika ukame huu, ambapo mtungi mmoja wa maji ni safari ya nusu siku, akajaza pipa zima na kulifunika. Nilipokuja Krismasi nikataka kunawa uso, nilifukuzwa. Hayo ni ya mtoto wa wenyewe.

Nilinawa kwa kikombe. Sikusema kitu, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshajua.

Imeli ya chuo cha Toronto niliipata mapema Desemba. Ilikuwa ya adabu sana, aya tatu, na mwisho wakanitakia kila la heri. Makubaliano ya vyuo hivi viwili ni mtu kwa mtu, walisema. Hakuna mwanafunzi wao aliyechagua kuja kwetu Januari, kwa hivyo nafasi yangu ya muhula wa pili haiwezi kuwekwa. Niliisoma mara nne. Mama yangu wa darasa la nne alilielewa lile neno kuliko mimi niliyepanda ndege kwa ajili yake.

Ningeishia hapo, ningekuwa mtu wa kuonewa huruma. Tatizo ni kwamba yupo mmoja aliyekuwa amechagua.

Anaitwa Claire. Chumba chake kilipakana na changu, na jiko tulitumia watu sita. Kwenye fomu yake alikuwa ameandika chuo chetu, nambari moja. Alikuwa na ramani ya Kenya ukutani, na Machakos, kwetu, ameizungushia wino mwekundu. Mwezi wangu wa kwanza ndiye peke yake aliyegonga mlango wangu.

Lazima niseme jinsi nilivyokuwa mwezi huo, si kujitetea, ila ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa bubu. Darasani tulikuwa mia tatu, na mwalimu alionekana mdogo kama kuku aliye ng'ambo ya bonde. Nilikuwa mcheshi nyumbani, mtu wa kuchekesha matanga, lakini kule nikisema kitu waliniomba nirudie, na mzaha ukirudiwa mara mbili umekufa. Nilikuwa nakula chumbani ili nisikae jikoni nikitabasamu bure.

Ijumaa moja Claire akaniita nikae nao jikoni. Akaniuliza, kwenu kukoje? Akataka kujua kila kitu, maana alikuwa anakuja. Nikaanza na choo. Nikasimulia nyoka aliyekutwa chooni, ambaye ni kweli alikuwepo, siku moja tu, nikiwa darasa la tatu. Nikaona mmoja wao amecheka. Nikamfanya nyoka awe wa kila wiki. Wakacheka wote watano. Nikasema tunaoga kwa beseni moja nyumba nzima, tukipokezana kwa umri. Nikasema maji tunakunywa baada ya punda. Chumvi niliyotia ingetosha mboga ya harusi.

Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Nami nilifurahi, jamani. Nilifurahi vibaya sana. Ijumaa iliyofuata wakaniita tena, na ile iliyofuata. Nikawa mtu. Wakawa wakinisalimia kwenye lifti.

Hadithi za nyoka zilipoisha, nilimwigiza mama yangu.

Nilifunga kitambaa cha sahani kichwani, nikaongea Kiingereza chake cha kuokoteza, na zile "mba" na "nda" zetu za Kikamba. Nikaonyesha anavyoshukuru Mungu kwa kila kitu, hadi kwa kiberiti kuwaka. Hiyo ndiyo waliyoipenda kuliko zote.

Katikati ya Novemba Claire alikuja chumbani kwangu, amesimama mguu mmoja nje. Akasema amebadilisha fomu, ataenda Uhispania. Hakuwa mtu mbaya. Alisema ananihusudu kwa ujasiri wangu, lakini yeye hadhani angeweza kuishi vile. Nikamwambia hakuna shida. Sikuunganisha mambo. Wiki tatu baadaye imeli ikaniunganishia.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Najua. Sijaomba pole.

Jana alasiri tulikuwa tumekaa nje ya jiko, tukichambua maharagwe machache tuliyobaki nayo ya mbegu. Mwaitu akaniuliza kama huyo mtoto atashukia Nairobi siku gani, maana mchungaji ameahidi kwenda kumchukua kwa pikapu. Nikaona siwezi kuvuta muda tena. Nikasema haji. Nikasema na mimi sirudi, kwa sababu yeye haji, na nikaeleza kuhusu mwaka wangu wa tatu, na karani, na Septemba.

Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akauliza, "Kwani uliwaambia nini juu yetu?"

Huo ndio uliokuwa wakati wa kusema kweli. Ng'ombe wa jirani alikuwa akilia, hakukuwa na mtu mwingine, na sauti ya Mwaitu haikuwa na ukali wowote. Alikuwa anataka kujua tu.

"Niliwaambia kwetu ni kuzuri," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayejumlisha. "Basi ni ile picha."

Sikuielewa mara moja. Kumbe alimaanisha picha aliyonitumia Oktoba kwa posta, pamoja na barua aliyoandikiwa na mwalimu wa Sunday school. Yeye amesimama mbele ya nyumba kwa gauni la kanisani, amenyoosha mkono kuelekea mlangoni, kama mtu anayesema karibu. Nyuma ya picha aliandikisha kwamba nimpe mgeni wetu aione nyumba kabla hajafika. Sikumpa. Niliona aibu, nikaitia ndani ya kitabu, na haijawahi kuonwa na mtu yeyote isipokuwa mimi.

"Choo kilionekana huko nyuma," akasema. "Hata paa yake imeinama. Nilimwambia yule mpiga picha asonge kidogo, akasema haitaonekana. Mtoto wa wenyewe ameona choo, ameogopa. Hata ni mimi ningeogopa."

Nikafungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua.

"Ni mimi nimekuharibia masomo, Mwende," akasema. "Ungekuwa huko saa hii. Unisamehe, mwana wakwa."

Mwana wakwa, mtoto wangu. Mama huyu hajawahi kuniomba msamaha maishani mwake, wala hakuwahi kuwa na sababu. Alikuwa amekunja mikono kwenye ungo mtupu, akiningoja. Nilijua neno moja tu lingetosha kumtua mzigo ule, na nilikuwa nalo.

Nikamwambia nimemsamehe.