Viti Viwili vya Mbele

Wanangu, chakula kiko jikoni, kipasheni moto. Viti vya sebuleni msivirudishe mezani kwanza.

Nimeenda yadi ya magari. ~~Nachukua lile gari kubwa.~~ Nachukua kale kekundu ka viti viwili.

Asubuhi tulipopanga viti tukajifanya tumo ndani ya lile kubwa, mimi dereva na mfuniko wa sufuria mkononi kama usukani, nilijiona kama naelea juu ya kitanda, injini ina nguvu tele, shangazi yenu na umbea wake viti vya katikati. Lakini baba yenu alikuwa nyuma kabisa. Alisema kitu, kelele zenu zikakimeza.

Mlipoondoka akaja kukaa kando yangu. Nikafumba macho, nikakata kona kali kana kwamba tumo ndani ya kale kekundu, naye akanilalia begani huku anacheka kile kicheko chake cha uchumba.

"Na umati wako utaupakia wapi, mama? Kwenye buti?" akaniuliza.

Mtapanda kwa zamu, mmoja mmoja, na kila mtu atanimwagia yake yote njiani. Hapo umbea utanoga!

Baba watoto, unaanza wewe. Nikukute umeshavaa viatu. Utaniambia tena ulichosema kule nyuma.

Mama