Mvua za Siku za Msiba

Baba,

Sijatulia wiki nzima, na sina mwingine wa kumwambia. Alikuja dada mmoja mtaalamu wa hali ya hewa kutoka Dar es Salaam. Anakusanya madaftari ya mvua ili ajue kama kweli dunia inazidi kupata joto. La kwako, ulilolianza kabla ya vita, alilishika kwa mikono miwili. Akasema hapa Buganguzi mvua kubwa za siku moja zimeongezeka mno miaka hii. Alifurahi sana kuligundua hilo. Mimi sikuweza kufurahi naye.

Maana tunajua, wewe na mimi. Kukiwa na msiba kijijini hatushiki jembe wala hatuingii kibanjani, na kipimo chako cha mvua kimesimama humo katikati ya migomba. Ulikuwa ukisubiri matanga yaishe, unapima siku ya nne, unaandika maji yote ya siku hizo kwenye mstari mmoja. Nilipokuuliza ulinijibu, "Mvua yote imo, mwanangu, hakuna tone lililopotea." Na kweli imo. Lakini yeye anahesabu siku kwa siku, na mstari huo kwake ni mvua ya siku moja. Na misiba, Baba! Zamani ilikuja mmoja mmoja. Sasa tunatoka kaburini tunaingia kwa jirani.

Akasema haamini daftari moja. Lazima alilinganishe na la mtu asiyetujua. Angekwenda Kagoma, kwa katekista anayepima pia. Nikaona jinsi utakavyoitwa mwongo, wewe uliyekuwa ukifuta miwani mara mbili kabla ya kusoma kipimo. Nilikukasirikia, nisikufiche. Ungeshindwa nini kuweka alama pembeni?

Nikakaa na Mama. Mimi nasoma tarehe ya mvua kubwa, yeye anamtaja tuliyemzika. Shangazi Paskazia. Mwalimu wa darasa la pili. Watoto wawili wa seremala, wiki moja. Mistari iliyobaki bila jina ilikuwa michache. Tulipofika kwenye mstari wa matanga yako, nilioupima mimi, jina nililiandika mwenyewe bila kumuuliza Mama.

Orodha hiyo niliipeleka Rwamishenye, alikofikia yule dada, kabla hajaondoka. Aliisoma polepole, akauliza, "Wote hawa wa kijiji kimoja?" Akasema siku hizo ataziondoa kwenye hesabu ya mvua kubwa, jumla za mwezi atazilinganisha na za Kagoma. Amesema hukudanganya. Bado sijui kama nimekutetea au nimekuaibisha.

Jana tulimzika mdogo wako Deo. Leo saa tatu asubuhi, saa yako ya kupima, niliinuka kwenye nyasi za matanga tulizokalia, wanawake wote wakinitazama, nikaingia kibanjani nikapima. Wamesema sina adabu kwa wafu. Lakini namba nimeiandika kwenye siku yake.

Pumzika, Baba. Nakuahidi hakuna siku itakayorukwa tena. Nimeanza kukonda, na homa haziniachi, kwa hiyo Mama nimemfundisha kusoma kipimo. Siku ya kunizika mimi, saa tatu atatoka apime.

Mwanao,
Adela